Siku Kumi na Tisa Zilizonyooshwa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yenu, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta, na kama kuna anayedhani anaifahamu, namwomba asiseme kwa sauti. Ni nchi nzuri. Barabara zake zinafagiwa kila asubuhi, bendera zake zinafuliwa kila mwezi, na kiongozi wake, ambaye sisi tunamwita Mlezi, hajawahi kukosea hata mara moja. Hilo nalijua kwa hakika, maana nilifanya kazi miaka sita katika ofisi iliyokuwa ikilihakikisha.

Jina langu ni Hatibu. Nilikuwa karani wa pili katika Idara ya Kumbukumbu. Karani wa kwanza, na mkuu wangu, alikuwa Bi Nasra Kilua, mama wa makamo, mwembamba, aliyevaa miwani mizito na aliyekuwa na tabia ya kusoma kila kitu mara mbili, hata kibao cha choo.

Zamani serikali yetu iliandika mambo yake kwenye mafaili, na mafaili yaliliwa na panya, au yalipotea siku moja kabla ya kesi. Mlezi akachoka. Akaagiza mfumo wa kompyuta usiosahau. Kila sheria, kila amri, kila cheti cha kuzaliwa na cha kufa kikaingizwa humo. Aliyebadilisha kitu, hata nukta, aliacha ingizo lenye jina lake, saa aliyobadilisha, na maelezo mafupi ya kwa nini. Na kila Ijumaa saa sita mchana maingizo ya wiki nzima yalitumwa katika wilaya zetu zote kumi na moja, ili kila wilaya ikae na nakala kamili ya mambo ya nchi tangu siku ya kwanza.

Kazi yetu sisi ilikuwa kunyoosha. Wakubwa wana mawazo makubwa, lakini huyaandika vipande vipande. Waziri wa Mifugo, alipokuwa akitunga sheria ya mbwa, aliacha maingizo tisa alasiri moja. Maelezo yake yalikuwa haya: "Nimerekebisha." "Nimerekebisha tena." "Sasa ndiyo." "Hapana." "Nani amegusa hapa?" "Ni mimi." "Rudisha kama jana." "Si jana, juzi." "Basi." Bi Nasra aliyakunja yote tisa yakawa moja: "Sheria ya mbwa imerekebishwa." Wilayani wakalipokea, wakasema tuna Waziri mwenye kichwa kilichotulia.

"Kabla ya Ijumaa, huu ni usafi," aliniambia siku yangu ya kwanza kazini. "Baada ya Ijumaa, ni uongo. Kilichokwisha kwenda wilayani si chetu tena, Hatibu. Usikiguse."

Na hiyo haikuwa fikra yake tu. Kilikuwa Kifungu cha Nne, chenye saini ya Mlezi mwenyewe.

*

Mwaka wa ishirini wa Mlezi ulipokaribia, wananchi waliamua, kama walivyoelekezwa, kumjengea Ukumbi wa Shukrani. Ulikuwa wa viti elfu tatu. Tarehe tatu uwanja ulikuwa mtupu, tarehe kumi na mbili ukumbi ukawa na paa. Wataalamu wa nje walisema jengo kama hilo huchukua miaka miwili, jambo lililotuonyesha jinsi watu wa nje walivyo wavivu.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Mhandisi Tambaza, aliyeajiriwa hiyo hiyo tarehe tatu. Maingizo yake tuliyaona yakija. Tarehe kumi na moja aliandika: "Nguzo ya saba ina ufa. Naomba kazi isimame." Baada ya saa moja likaja ingizo la Waziri wa Unyoofu wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Dakta Kitwana Mshindo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi: "Ufa umefutwa." Kesho yake Tambaza: "Ufa bado upo. Sasa kiganja kinaingia." Waziri: "Neno ufa libadilishwe, liwe mstari." Siku iliyofuata Tambaza: "Mstari umefika kwenye dari."

Bi Nasra aliyasoma maingizo hayo mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Tuyakunje?" nikamuuliza. "Yako matano, yanahusu nguzo moja."

"Haya siyakunji," akasema. "Yaende kama yalivyo, huenda kuna mtu wilayani atasoma."

Yakaenda Ijumaa. Wilaya kumi zikajibu, kama kawaida, "Imepokelewa kwa furaha." Wilaya ya Kumi na Moja, iliyoko kule juu milimani, ilikuwa na karani anayeitwa Bwana Mbaruku, na yeye aliuliza: "Hiyo nguzo imetengenezwa?" Bi Nasra akampelekea Waziri swali hilo. Halikujibiwa, maana Waziri alikuwa kwenye maandalizi.

Tarehe kumi na nane yalifanyika mazoezi ya kupiga makofi. Walianza watu wa Mtaa wa Chokaa, kwa kuwa wanasifika kwa viganja vizito. Ratiba ilikuwa na makofi ya kukaribisha, makofi ya kuafiki, na mwisho makofi ya Mlezi mwenyewe, ambayo hudumu dakika kumi na moja bila mtu kuthubutu kuwa wa kwanza kuacha. Katika dakika ya nne, paa lilishuka.

Tuliusikia mlio ofisini. Vikombe vilitikisika. Bi Nasra alisimama, akabaki amesimama. Redio ikasema kwamba mazoezi yamekatishwa kwa leo.

Kisha maingizo ya hospitali yakaanza kuja kwenye kioo cha kompyuta yake, moja baada ya jingine. Alikuwa akiyasoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayeita wanafunzi darasani. La nne lilikuwa la Siwema binti Tabu, miaka thelathini na tisa, wa Mtaa wa Chokaa.

"Siwema wetu?" nikauliza.

Akaendelea na la tano. Siwema ndiye aliyetuletea chai ya tangawizi na vitumbua kila saa nne. Asubuhi ile alikuwa amepita mapema, akatuambia leo hatakaa, anakwenda kupiga makofi.

Hadi jioni maingizo yalifika thelathini na moja. Siku tatu zilizofuata matingatinga yalifanya kazi, na tarehe ishirini na moja uwanja ukawa mtupu tena, umemwagiwa mchanga mweupe, umenyunyiziwa maji.

*

Waziri Mshindo alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini, na aliyependa kumshika mtu bega anapozungumza naye.

"Bi Nasra, dada yangu," akasema, "nimekuja kukuomba msaada. Nchi imechafuka kidogo, na wewe ndiye fundi wetu wa usafi."

"Nakusikiliza, Mheshimiwa."

"Tarehe tatu hadi tarehe ishirini na moja. Siku kumi na tisa. Nataka uzikunje ziwe ingizo moja."

"Mheshimiwa, hizo zimeshatumwa. Ijumaa tatu zimepita. Wilaya zote zina nakala. Kifungu cha Nne kinakataza."

"Kifungu cha Nne nakijua," akasema Waziri kwa upole. "Tumekinyoosha leo asubuhi. Hebu niambie, mimi si mtaalamu: ukikunja siku hizo zote, nini kinabaki?"

Bi Nasra alikuwa mtu asiyeweza kudanganya kuhusu mfumo wake.

"Mwanzo uwanja ulikuwa mtupu," akasema. "Mwisho uwanja ni mtupu. Mfumo ukilinganisha mwanzo na mwisho, utaandika kwamba hakuna mabadiliko."

Macho ya Waziri yalilengwa na machozi. "Mmesikia?" akawaambia wale watu wawili waliofuatana naye. "Hakuna mabadiliko! Hata mashine, ambayo haina chama wala kabila wala chuki, imetazama siku kumi na tisa na haikuona kitu. Na sisi wanadamu tunajifanya tuliona!"

"Na wale watu thelathini na moja?" akauliza Bi Nasra.

"Watu gani?"

"Waliokufa, Mheshimiwa. Maingizo yao yamo humo humo."

"Dada yangu, kama ukumbi haukujengwa, umewaangukiaje?" Akamshika bega. "Una watoto wawili chuoni, si ndiyo? Yule wa udaktari na yule mdogo. Niliyaona maingizo yao jana. Mazuri sana, yamenyooka. Ningependa yabaki vile vile."

Mimi wakati ule nilimwona Waziri kuwa kiongozi anayejali familia za watumishi. Nikatoka kwenda kuchemsha maji ya chai. Niliporudi, Bi Nasra alikuwa ameshabonyeza. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, viganja juu, kama ya mtu anayesubiri kupewa kitu.

Ingizo hilo likatumwa bila kungoja Ijumaa, na kila karani aliyelikubali alipoteza siku zile kwenye nakala yake. Mchana huo huo wilaya kumi zikajibu: "Imepokelewa kwa furaha." Bwana Mbaruku wa Wilaya ya Kumi na Moja akajibu: "Historia yenu na yangu hazifanani kuanzia tarehe tatu. Nimekosea wapi?"

Hatukumjibu. Akauliza tena kesho yake, saa mbili kamili asubuhi. Na keshokutwa yake, saa ile ile, maneno yale yale.

Wa kwanza kuja kwetu alikuwa Mhandisi Tambaza, amebeba mkoba, viatu vimejaa mchanga mweupe.

"Bi Nasra, mlinzi ananiambia sijawahi kuajiriwa."

"Ndiyo, Mhandisi," akasema Bi Nasra bila kumtazama. "Uliajiriwa tarehe tatu."

Alifikiri kidogo, akaelewa. Akacheka, si sana. "Basi ufa nao haukuwapo," akasema. "Nafurahi. Ulikuwa ukininyima usingizi." Akaomba maji, akanywa glasi nzima, akashukuru. Mlangoni walikuwapo watu wawili wenye adabu, wakampokea mkoba. Hatukumwona tena, na kwa mujibu wa mfumo hatukuwa tumemwona hata kabla ya hapo.

*

Sasa, kwa kuwa wale thelathini na moja hawakuwa wamekufa, walitakiwa kuhudhuria mazoezi mapya ya makofi, ambayo yalihamishiwa uwanja wa mpira. Hawakutokea. Majina yao yakaitwa mara tatu kwa kipaza sauti. Serikali yetu ni ya haki, kwa hiyo iliwapa wiki moja zaidi. Walipokosekana tena wakaandikwa watoro, na Ofisi ya Watoro ikawaita ndugu zao mmoja mmoja.

Ndivyo tulivyomjua Bwana Ngwali, mume wa Siwema. Alikuwa fundi cherehani, mrefu, mwenye vidole vyembamba. Alikuja dirishani kwetu ameshika karatasi ya wito, na pini tatu alizokuwa amezisahau bado zimechomwa kwenye kola ya shati lake.

"Nimeelekezwa kwenu," akasema. "Nahitaji cheti cha kifo cha mke wangu. Afisa wa Watoro ameniuliza mke wangu amejificha wapi. Nimemwambia nimemzika mwenyewe, kwa mikono hii. Akaniambia, umezika mtu ambaye hajafa? Hilo ni kosa jingine, na akaliandika chini ya lile la kwanza."

Bi Nasra akatafuta kwenye mfumo, ingawa alijua hatakuta kitu. Nadhani alitafuta ili apate pa kuweka macho.

"Bwana Ngwali," akasema mwishowe, "siku hiyo haimo."

"Haimo wapi?"

"Humu. Siku hiyo haikuwapo."

"Ilikuwapo, mama. Mimi nilikuwa ndani yake." Hakupandisha sauti. "Nilimshonea gauni la kwenda nalo kwenye makofi. La kijani. Walinirudishia. Nimelileta, kama mnahitaji ushahidi." Akaanza kufungua mfuko wa plastiki.

"Usilitoe," akasema Bi Nasra haraka. "Tafadhali, usilitoe."

"Wanasema nikimleta kabla ya mwisho wa mwezi, nitasamehewa yote." Aliinama dirishani, akamtazama uso kwa uso. "Bi Nasra, alikuwa akikusifu sana. Alisema ni wewe tu unayerudisha kikombe kikiwa kimeoshwa. Hebu niambie wewe. Nimlete vipi?"

Nyuma yake kwenye foleni walikuwa ndugu za watoro wengine, kila mmoja na karatasi yake ya wito.

"Rudi Ijumaa," akasema Bi Nasra. "Saa tisa alasiri. Usichelewe."

*

Asubuhi ya Ijumaa saa mbili lilikuja swali la Bwana Mbaruku, kama kawaida: "Nimekosea wapi?" Kwa mara ya kwanza Bi Nasra alimjibu. Hakuandika, alimpigia simu.

"Bwana Mbaruku, hujakosea. Nitumie tarehe tatu hadi tarehe ishirini na moja, zote, kama zilivyo kwako." Akasikiliza. "Najua. Najua. Zitume."

Saa tano zikafika. Akazirudisha mahali pake siku moja moja, na uwanja ukachimbwa tena, nguzo zikasimama, ufa ukafunguka, ukaitwa mstari, ukafika darini. Aliporudisha tarehe kumi na nane alivua miwani akaifuta. Kisha akaandika ingizo lake mwenyewe, chini ya yote, na akaniita nilisome. Lilisema: "Nilizifuta siku hizi kwa amri ya Waziri Mshindo, na kwa woga wangu. Nimezirudisha. Waliokufa ni thelathini na moja na majina yao yamo. Nasra Kilua."

"Bi Nasra," nikasema, "watoto wako."

"Nimezungumza nao jana. Wako njiani, hawako chuoni." Akatazama saa ya ukutani. "Hatibu, nenda kale chakula cha mchana. Ukale polepole. Ukitaka, agiza mara mbili."

Nilikwenda. Sitaki mniwazie kuwa shujaa, nilikula wali maharage na nikaagiza mara mbili kama alivyoniambia. Saa sita juu ya alama zile siku zikaenda katika wilaya zote kumi na moja.

Niliporudi saa nane na nusu, mkoba wa Bi Nasra ulikuwa unaning'inia kwenye kiti chake, na juu ya kiti alikuwa amekaa Waziri Mshindo.

"Bi Nasra amekwenda kupumzika," akasema. "Alikuwa amechoka sana, hata hakuweza kutembea mwenyewe. Sasa wewe, Bwana Hatibu, unajua kukunja?"

"Najua, Mheshimiwa. Amenifundisha."

"Basi kunja. Mimi nipo chumba cha ndani, nawapigia makarani wa wilaya mmoja mmoja, niwaombe wasome tena kwa utulivu."

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto la Waziri. Nilichagua tarehe tatu, nikashuka hadi tarehe ishirini na moja. Kidole kilikuwa kwenye kibonyezo niliposikia mtu akikohoa dirishani. Ilikuwa saa tisa kamili.

"Niliambiwa nisichelewe," akasema Bwana Ngwali.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Sauti ya Waziri ilikuwa inasikika mle ndani, laini, ikimwambia karani fulani kwamba furaha yake haikutosha. Kwenye kioo mbele yangu Siwema binti Tabu alikuwa amekufa, na angeendelea kuwa amekufa kwa muda wote ambao kidole changu kingesita. Sheria ilikuwa bado inasema mwananchi yeyote akiomba cheti kilichomo, apewe. Na mimi ni mtu wa sheria.

Nikachapa. Ile mashine yetu ya kuchapa ilikuwa kongwe, ikilia kama mbuzi. Nikampa karatasi. Bwana Ngwali aliisoma pale pale, midomo ikimcheza, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia yake, akaivaa. Hakusema asante. Alinigusa mkono tu kupitia dirishani, akaondoka.

"Bwana Hatibu," ikaita sauti kutoka ndani, "mashine imechapa nini?"

"Karatasi ya majaribio, Mheshimiwa. Wino ulikuwa unasumbua."

"Ilete niione."

Nilichukua karatasi tupu kwenye trei, nikampelekea. Aliigeuza mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukalainika.

"Safi," akasema. "Haina hata doa. Hivi ndivyo ninavyotaka nchi hii iwe." Kisha akatoka hadi kwenye mashine, akaweka kiganja juu yake kama mama anayempima mtoto homa, akakiacha hapo muda mrefu. "Ina moto kidogo," akasema, "kwa mashine isiyoandika kitu." Akanishika bega. "Wewe uliajiriwa lini, ndugu yangu?"

Nikamtajia tarehe. Akaiandika kwenye ile karatasi tupu.

Halafu akasimama nyuma yangu mpaka nikakunja siku zote kumi na tisa, na ingizo la Bi Nasra pamoja nazo.

*

Jumanne redio ilitangaza kwamba fundi cherehani mmoja wa Mtaa wa Chokaa amekamatwa kwa kosa la kughushi kifo. Alikuwa amepeleka cheti katika Ofisi ya Watoro, cheti kikalinganishwa na mfumo, na mfumo haukukifahamu. Kesi ingesikilizwa baada ya siku kumi. Msomaji wa habari akaongeza, kwa sauti ya masikitiko, kwamba mtu anayeweza kughushi kifo cha mke wake mwenyewe anaweza kughushi chochote.

Nilizima redio. Mtu yule alikuwa ndani kwa ajili ya karatasi niliyompa mimi, na karatasi ile ilikuwa ya kweli, na katika nchi nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ukweli wake ungeweza kuonyeshwa. Sikurudi kazini. Nilivaa shati la pili juu ya la kwanza, nikaenda nyuma ya soko, nikapanda lori la mkaa lililokuwa linarudi milimani tupu.

Nilisafiri siku mbili. Katika kila mji tuliopita redio za madukani zilikuwa zinasema jambo ambalo mwanzoni nilidhani nimelisikia vibaya. Zilikuwa zinatuma salamu za Mlezi kwa wananchi wa wilaya zote kumi.

Bwana Mbaruku nilimkuta katika chumba kimoja nyuma ya zahanati. Ni mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na anavaa sweta hata jua likiwaka. Nilipojitambulisha alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye uliyekuwa hunijibu?"

"Ndimi, Mzee wangu. Mimi na Bi Nasra."

"Yeye alijibu," akasema. "Yuko wapi?"

"Wanasema amepumzika. Nimeuliza, sikuambiwa wapi."

Akatikisa kichwa, akanisogezea kigoda.

Umeme wa wilaya ile ulikuwa umekatwa tangu Jumamosi, kwa matengenezo ya kudumu. Kompyuta yake ilikuwa inapumua kwa umeme wa jua wa zahanati, ule wa friji ya chanjo. Muuguzi, dada mmoja anayeitwa Pendaeli, alikuwa ameruhusu saa tatu kwa siku, zaidi ya hapo dawa za watoto zingeharibika. Kwenye kioo siku zile zilikuwapo zote. Uwanja, nguzo, ufa. Mhandisi Tambaza alikuwa ameajiriwa. Siwema alikuwa amekufa. Bi Nasra alikuwa ameandika kwamba aliogopa.

"Tutachapa," nikasema. "Nitaondoka na karatasi leo hii, niifikishe mahakamani."

"Mashine ya kuchapa walikuja kuichukua Jumapili," akasema Bwana Mbaruku. "Walisema wilaya ambayo haipo haiwezi kuwa na mashine. Hii kompyuta waliisahau kwa sababu ilikuwa wodini, Pendaeli alikuwa ameifunika kwa shuka. Watairudia."

Basi tukaanza kuandika kwa mkono, saa tatu kila siku, na leo ni siku ya sita. Pendaeli alitoka nje akaita watu, na watu wakaja na daftari za shule za watoto wao, wengine na kalenda za mwaka jana zilizo wazi upande wa nyuma. Mzee anasoma kutoka kwenye kioo, polepole, jina na saa na maelezo, na sisi tunaandika. Tuko kumi na saba. Kila mmoja atakwenda na daftari lake kwa njia yake, mimi kwa njia ya mjini, maana kesi ni keshokutwa. Hakuna anayeniambia kwamba nitafika. Na mahakama, tukifika, huenda ikasema kwamba daftari la mwanafunzi wa darasa la tatu si kitu. Huenda. Mimi bado naamini nchi yetu ina mahakimu wazuri, na nawaomba nanyi mniache niamini hivyo kwa leo.

Muda mfupi uliopita simu imepigwa kutoka kijiji cha bondeni. Magari matatu yamevuka daraja, hayana namba, yanapanda kwa mwendo wa kawaida kama watu wasio na haraka. Kutoka darajani hadi hapa ni mwendo wa nusu saa, kwa kona zetu labda dakika arobaini.

Nimemwambia Bwana Mbaruku asome haraka zaidi. Amekataa. Anasema tukikosea herufi moja watasema ni mtu mwingine. Amerekebisha miwani, ameinamia kioo, na sasa muungurumo wa injini unasikika hata kwangu mimi nisiyezoea milima.

Tumefika jina la ishirini na sita.